Nileteeni Maji ya Kisima cha Juu

Zimeni hiyo redio, wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, ingia ukae, maana nina maneno na pumzi yangu haitoshi kuyarudia. Niinueni kidogo. Hapo. Hapana, mto huu umekuwa jiwe, utoeni. Fungueni na dirisha, nataka kulisikia geti, kwa sababu nimetuma mtu aniitie baba yenu mdogo, na msinitolee macho. Nyumba mbili za tumbo moja, yake kule juu kilimani na yetu huku chini, zimeacha kusalimiana, nami tangu hapo sijalala usingizi wa kushiba. Kifo nakiona, kimekalia kile kiti cha marehemu baba yenu, kinanisubiri nimalize. Kitasubiri. Mimi si mtu wa kukatizwa.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni ya wote, na atakayefarakana na mwenzake asiiuze, atoke nje apunge upepo kisha arudi. Cherehani ni yako, mkwe wangu, mama wa huyu mchanga, kwa kuwa ni wewe peke yako uliyekuwa ukiitia mafuta bila kuambiwa. Masufuria gawaneni bila kununiana. Kitanda hiki mpeni yeyote anayekitaka, mimi kimenichosha. Geti hilo? Bado? Haya.

Sasa mazito. Mnaikumbuka siku mjukuu wangu alipobadilika rangi. Nilikuwa nimempakata mimi, pale barazani, nikadhani ni kivuli, nikamgeuzia kwenye mwanga, lo, midomo ya bluu na kucha za bluu, na mtoto kalegea, hata kulia hataki. Maziwa yalimkauka mama yake, akawa anamkorogea ya kopo, na mama msafi kama huyu sijamwona: maji anayachota kisimani kwetu, anayachuja, anayachemsha, kisha anayarudisha jikoni kuyachemsha tena mpaka yanabaki nusu sufuria. Sote tulimsifu. Kule zahanati muuguzi akamuuliza maji anayatoa wapi na anayafanyaje, akajibu kwa fahari, na muuguzi akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "sumu iliyomo humo haifi kwa moto. Maji yanakwenda na mvuke, yenyewe inabaki. Kila ukichemsha unaikoleza." Wakamtundikia mtoto dawa, rangi yake ikarudi, Mungu ashukuriwe. Lakini wewe, mkwe wangu, tangu siku ile unatembea umeinama. Inua kichwa. Hukukosa wewe. Wa kukuambia tulikuwa sisi, na sisi tulikuwa hatujui.

Naitreti, ndilo jina lake. Haina rangi, haina harufu, mtu mzima anainywa wala hajui, mtoto mchanga inamkaba damu. Na tulipolijua jina tu, hatukutafuta mbali, kila kidole kikanyooka kilimani, kwenye zizi la baba yenu mdogo. Si tuna macho? Ng'ombe wako juu, sisi tuko chini, na samadi huteremka. Hata zamani, zizi lilipojengwa, ndivyo tulivyosema, ndiyo maana tukakiacha kisima cha juu ambacho baba yenu na mdogo wake walikichimba pamoja kwa mikono yao, tukaja kuchimba cha kwetu huku bondeni, katikati ya nyanya, tuwe mbali na kinyesi. Tukahama na kapi, gurudumu la kupitishia kamba ya ndoo. Ndiyo, kapi lile linalolia kila asubuhi pale nje ni la kisima cha juu, na baba yenu mdogo tangu tulichukue anavuta ndoo kwa mikono mitupu, mzee yule, na mgongo wake ule.

Na wewe, kifungua mimba wangu, Meneja wa nyanya, hukuishia kunyoosha kidole. Ulimwita baba yako mdogo muuaji, sokoni, mbele ya wateja wake wa maziwa. Kisha ukaenda ofisi ya afya ukapeleka malalamiko, na Jumatatu wanakuja kulifunga zizi. Tulia, sijamaliza. Nipeni kitambaa nijifute.

Dada yenu huyu, mliyempachika jina la Chupa kwa sababu tangu aajiriwe maabara ya maji haendi popote bila chupa zake, hakubishana na mtu. Alichukua likizo. Akafunga jiwe kwenye kamba akapima maji yamesimama wapi kisimani kwetu, na kwa majirani, na kule juu alikwenda kwa kuibia, akapewa na chai. Akavuta ule mpira wa maji ambao mafundi wajenzi hupimia usawa, toka ua hadi ua, watu wakimcheka kwamba kisomo kimemzidi. Akaja akanikalia hapa miguuni akanieleza, na mimi nilimwelewa ingawa wengine mnadhani nimeshapotea. Juu ya ardhi mteremko unakuja kwetu, lakini chini kabisa mwamba umelala kivingine, maji ya kilimani yanapotelea upande wa barabara, hayafiki hapa. Maji yetu yanatoka chini ya nyanya. Halafu akapeleka sampuli maabara kubwa, maana naitrojeni ya samadi ina alama yake na ya mbolea ya chumvichumvi ina yake, na wenye mashine wanazitambua kama mimi ninavyotambua mboga kaipika nani kwa kunusa tu. Majibu yakaja. Mbolea ya dukani. Mifuko yetu wenyewe, tunayoimwaga kwenye matuta kisha tunayafungulia maji. Mmea unakula unachoweza, kinachobaki kinazama, na sisi tumeitupa ndoo pale pale kinapozamia. Kisima cha juu kimepimwa pia. Ni safi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walikuwa na akili zao.

Na haya, Meneja, wewe unayajua. Usitazame sakafu, nitazame mimi. Dada yako alikwambia wewe kwanza, kwa heshima ya ukubwa wako, hapo koridoni, nawe ukamjibu, "Ngoja kwanza nyanya zitoke." Ukuta huu ni mbao, baba. Nilisikia. Nikakungoja uje useme mwenyewe, leo utasema, kesho utasema, na Jumatatu inakuja mbio. Kwa hiyo wafunge zizi la mtu asiye na kosa, ng'ombe wake watawanyike, majirani wenye vichanga waendelee kuja na madumu yao kwetu kwa sababu maji yetu yanang'aa, na wewe ungali unapanga nyanya kwenye matenga? Nyamaza, Chupa, usimtetee wala usimchome. Ni mwanangu, namsema mimi.

Najua uliogopa. Bonde lile limetulisha sote, wewe ndiye uliyeinama humo jua likikuchoma wakati wenzako wako shule, na sikio lako lilisikia kwamba jasho lako ndilo lililomgeuza mtoto rangi. Ni neno zito, hata mimi lingenikwama. Nakupenda, mwanangu, tena sana, ndiyo maana nakusema ningali na ulimi. Maiti hasemi, na baada yangu hakuna atakayethubutu.

Kwa hiyo shikeni haya. Bonde ni lako, Meneja, silirudishi nyuma neno langu. Lakini kukizunguka kisima acha uwanja mpana wa majani, usitie hata chembe ya mbolea, na kwingine utie kidogo kidogo kwa kipimo atakachokupa dada yako. Mwagilia kwa maji ya kisima hicho hicho. Mbolea imo humo tayari, ya nini kuinunua tena? Maji ya kisima hicho yafulieni nguo, yaosheeni vyombo vya shamba, lakini asiyanywe mtoto wala mjamzito. Kisima kusafika msikutegemee kesho, Chupa anasema kilichozama kitachukua miaka kutoka, mimi sitakiona, na baadhi yenu mtakuwa na mvi. Mkwe wangu, wewe ndiye utakayepita nyumba kwa nyumba kuwaambia kina mama, na uwaambie habari ya kuchemsha, maana wewe watakuamini. Na...

Geti. Hilo ni geti. Fungueni, nendeni mmoja, msimwache agonge kama mgeni.

Karibu, shemeji. Umezeeka, lakini bado hujanifikia mimi. Kaa. Si kiti hicho, hicho kina mtu. Kaa hapa kitandani. Nashukuru umekuja, wala sikuiti tunywe chai. Mwanao ana neno.

Simama, Meneja. Sauti yangu inaniishia, nikopeshe ya kwako. Sema.

...

Haya. Umesema. Ilikuwa ndogo lakini imefika, na lile la zizi na lile la sokoni, yote mawili. Utakwenda ofisi ya afya kesho asubuhi, uyafute malalamiko, na sokoni useme tena, mbele ya watu wale wale. Shemeji, usinijibu kwa haraka. Mtazame tu, anafanana na kaka yako akilia. Umempa mkono? Sijaona vizuri, niambieni, kampa? Amempa. Alhamdulillahi.

Sasa, Meneja, nenda ukalifungue kapi, ulibebe begani mchana huu, kila mtu aone, ukalitundike kule lilikotoka. Na uniteremshie maji. Tangu tuhame sijaonja maji yale, nilikuwa napita pale nimeangalia pembeni. Nenda. Mbona unasita? Mimi nipo.

Sogeeni wengine. Chupa, nishike huku, mkono huu umekufa ganzi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime... mnalijua lililobaki, limalizieni wenyewe. Mungu awape riziki isiyomdhuru jirani. Awape watoto wekundu wa midomo. Awape... awape kusema mapema. Mkizika, msikae sana na huzuni, kuna matuta ya kumwagilia.

Nyamazeni. Sikieni. Kule juu. Linalia lile, ee? Silisahau, linataka mafuta tangu baba yenu yu hai. Vuta, mwanangu. Vuta taratibu.

Amefika? Sioni... ni yeye? Mbona anatweta hivyo. Iko baridi hiyo bilauri, naisikia kwenye shavu. Lo, ni baridi.

Hapana. Mkwe wangu, korogea mtoto kwanza. Mimi nitasubiri.