Aliniita Mara Tatu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti niliyobakiwa nayo ni kidogo na sitaki kuimalizia kwenye kupiga kelele. Wewe kitinda mimba wangu, kaa hapo miguuni. Mkeo akae kwenye kiti, aliache hilo beseni, sijachafuka. Na wewe binti yangu mkubwa, mbona umeganda mlangoni kama mtu aliyekuja kuulizia njia? Haya, kama kuingia ni kazi, nisikilize kutoka hapo hapo.

Mali haina maneno mengi. Nyumba ni yenu wawili, na asiuziwe mtu wa nje wakati mmoja wenu bado anaihitaji. Shamba la nyuma lilimwe pamoja. Meza yangu ya kupigia pasi na pasi zote mbili nampa huyu mkwe wangu, na sababu yake mtaisikia sasa hivi. Hayo yamekwisha. Mnaona sipati usingizi mkadhani ni homa. Si homa, wanangu. Naogopa. Mimi niliyewakaririsha watoto wa kanisa zima Amri Kumi kwa miaka ishirini na sita, naogopa kufa kuliko yeyote kati yao.

Mnamkumbuka bibi yenu, mzaa baba yenu. Siku nilipoletwa hapa kama bibi arusi aliishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akaona ilivyobabuka kwa sabuni, akamwambia baba yenu mbele za watu, "Mwanangu umeniletea dobi. Haya, angalau mashuka yatatakata." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini neno lile sijalisahau hadi leo. Miaka yote hakuniita jina wala mwana. Aliniita "wewe".

Alipopooza upande mmoja, nani alimuuguza? Mimi. Miaka minne. Nilimwosha asubuhi na jioni, nikamlisha kwa kijiko, nikamgeuza asitoke vidonda, na hakutoka hata kimoja. Majirani walikuwa wakipita uani wanaona mashuka yake kwenye kamba, meupe yanaumiza macho, wanasema, "Huyu ndiye mkamwana." Hawakujua kwamba kila nilipokamua shuka nilikuwa nasema moyoni, kufa basi, kufa unipumzishe. Mdomoni nilikuwa naimba tenzi. Sikumjibu vibaya hata siku moja. Sikumjibu kabisa, wanangu. Nilimhudumia miaka minne kimya, kama mtu anayefua nguo za mtu asiyemjua.

Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Baba yenu yuko kazini, nyinyi mko shule ya kanisa. Nilikuwa chumba cha pili napiga pasi gauni langu la Jumapili. Nikamsikia. "Mwanangu!" Nikashtuka, maana hajawahi kuniita hivyo. Nikasema moyoni, leo ndiyo umenijua? Nikaendelea na kola. Akaita tena, "Mwanangu, njoo." Nikahamia mkono wa kulia. Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo, ndogo hivi, nami nikapiga pasi mkono wa kushoto, nikalitundika gauni vizuri, nikazima makaa, ndipo nikaenda.

Mkono wake ule usiopooza ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, vidole vimefunguka. Alikuwa ameshakwenda. Alitaka maji? Alitaka kuniomba radhi? Alitaka tu kushikwa mkono? Sitajua. Na gauni lile lile ndilo nililolivaa msibani.

Na mchungaji akanisimamisha pale mbele ya jeneza. Akasema, "Mkitaka kuona amri ya kuwaheshimu baba na mama ikitembea kwa miguu, mtazameni mama huyu." Watu wakalia. Nami nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu. Nilikuwa naogopa wasinione macho. Tangu siku ile nasikia kuitwa. Niko kisimani, nasikia. Niko mbele ya watoto nawasomesha, nasikia. Nimeungama kila dhambi ya kijinga kanisani, hii niliifungia. Sasa nakwenda kwa Bwana asiyetazama kamba ya nguo, anayetazama nilichokuwa nakisema nikikamua. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Juzi nilifanya jambo la aibu. Nikiwa nimelala hapa, nikamwita mkwe wangu, nimjaribu. Nikasema, "Mwanangu!" Nyote mnajua ulimi wa binti huyu. Kanisani anachelewa, akikasirika anasema. Wewe binti yangu hapo mlangoni umemnunia wifi yako miaka mitatu kwamba hana adabu kwangu. Basi nikaita mara moja tu. Sufuria likaanguka jikoni, akaja mbio na povu hadi kwenye viwiko, anafoka, "Mama jamani, utaniua mimi kabla yako! Nini, maumivu? Wapi?" Akaniinua kichwa, povu likaniingia sikioni, akacheka, nami nikacheka, halafu nikalia naye asijue kwa nini. Pale ndipo nilipoiona amri niliyokuwa naifundisha.

Binti yangu. Dawa zangu unaleta siku ile ile, hukosei. Matunda umeyaosha nyumbani kwako. Na kila nikikuuliza jambo unaniambia, "Pumzika mama, usijichoshe." Sauti hiyo naijua, mwanangu. Ni yangu. Nilikukaririsha amri kwa fimbo, ukizikosea unalala na njaa, hukuwahi kunisamehe, na una haki. Nisamehe. Si leo, kama leo hakuna. Usinisamehe kwa sababu imeandikwa. Mwombe Mungu akupe moyo wake kwanza, mimi nilijidai ninao wangu.

Siku ya kunizika asisimame mtu kunisifu. Mwambieni mchungaji haya yote, asipunguze. Na mwombeni Bwana Yesu anipokee bila cheti... mikono mitupu. Yeye ndiye tumaini pekee nililobakiwa nalo.

Mungu awabariki. Awape... kupendana kweli, hata kwa kufokeana. Wewe mdogo. Wewe mkwe, mwanangu. Wajukuu wangu wote.

Naona ukungu. Naogopa bado, sitawadanganya... Binti yangu, bado uko mlangoni? Umekunja uso, naona hata hapa. Usiukunjue kwa ajili yangu. Njoo nao hivyo hivyo. Nitukane ukitaka. Lakini njoo... kaa kitandani.

Ee. Hapo. Hapo hapo, mwanangu.