Mwalimu Tiya na Silanga la Hadado

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo tunamkumbuka Mwalimu Tiya Roba, aliyezikwa Jumamosi huko Wajir. Ni msiba, najua. Lakini nitawasimulia kwa furaha, maana mama huyu hakuwahi kufundisha kwa sauti ya chini.

Mwalimu Tiya. Mborana, Mkristo, mwalimu wa biolojia na wa dini ya Kikristo katika sekondari moja ya Hadado. Darasa lake la dini lilikuwa dogo mno: watoto wa polisi, wa wauguzi, na Deka, binti wa mfugaji. Wenzao Waislamu wakienda kwa ustadhi, wao walijibana kwenye stoo ya maabara.

Aya walizijua kwa kichwa. Mitihani walipita. Lakini mwalimu hakuwa na raha. Kakake, Isacko, anakumbuka alivyolalamika nyumbani: "Wanamjua Mungu kwenye daftari tu. Wakilifunga, wanamfungia humo humo."

Basi ukaja ukame. Silanga la Hadado, bwawa ambalo kila mtu alilitegemea, likabaki tope. Punda, ngamia na watu wakawa wanatumia maji yale yale, na watoto wakaanza kuharisha. Ndani ya stoo ile, Deka akauliza kama Mungu anawaadhibu.

Mwalimu Tiya angempa aya moja, yakaisha. Hakumpa. Alitoa hadubini, akaweka tone la maji ya silanga, akawataka watazame mmoja mmoja. Wakaona vijidudu vinavyocheza. Kisha akawafungulia kitabu cha Mwanzo, pale mtu anapowekwa bustanini ailime na kuitunza. Akawauliza bustani yao ni ipi.

Deka akasimama ghafla. "Mwalimu, ni silanga."

Weee, stoo ikachemka! Wakachora ua wa miiba kulizunguka silanga, birika la mifugo kwa nje, na mahali pa watu kuchota. Wenzao Waislamu wakasikia, wakajiunga. Biolojia, hesabu, dini, vyote vikawa kazi moja.

Lakini silanga lina wenyewe. Mzee Guleid, mwenyekiti wa kamati ya maji, hakutaka kusikia. Ngamia wafungiwe maji na watoto wa shule? Mwalimu Tiya aliingiwa na hofu. Wakikataliwa, wanafunzi wake wataamini kwamba imani ni mambo ya stoo tu. Hata hivyo, hakuwasemea. Alimsogeza Deka mbele ya mzee.

Mzee akamwita dada kwa Kisomali, akamuuliza, "Abaayo, hii maji inakuhusu nini?"

"Adeer," Deka akajibu, akimwita ami kwa heshima, "maji ni ya Mungu. Ametuweka sisi tuyatunze, na watoto wanaugua."

"Hata sisi tunaamini hivyo," mzee akasema. "Haya, leteni miba."

Wasikilizaji, mji mzima ulitoka! Wanaume walikata miiba, akina mama wakaburuta, wanafunzi wakachanganya saruji ya birika. Ngamia wa kwanza alipoinamisha shingo kunywa, Mwalimu Tiya alipiga vigelegele mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Na kuhara kukapungua.

Saratani ilimpata akiwa bado anafundisha. Isacko anasema hata hospitalini alisahihisha kazi za wanafunzi, huku akimhoji muuguzi wake kwa nini alichagua kazi ile, na kama aliiombea.

Deka sasa ni mwalimu huko Bura, Fafi. Alikuja mazikoni. Mzee Guleid naye alikuja na wanakamati. Walisimama nje ya ua wa kanisa hadi ibada ikaisha. Halafu wakaomba sepetu, wakasaidia kufukia kaburi.

Kwa Isacko na jamaa wote, kwa Deka na wanafunzi wote wa Mwalimu Tiya, poleni sana. Mungu awape nguvu.

Na wewe mwalimu unayenisikiliza, kesho mwanafunzi atakuuliza swali linalokutia hofu. Usimnyamazishe. Mwache amalize kuuliza, kisha simama, utoke naye mkatafute jibu.