Sufuria Ibaki Wodini

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufua mashuka, mapazia na makoti ya kituo chetu cha afya hapa misheni, Bi. Martina Kobelo, ambaye wengi tunamwita Mama Abel, anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya kituo iliniomba, kwa kuwa mimi ndiye mjumbe mzee kuliko wote, niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya hafla. Iliagiza uwe mfupi na wa kufurahisha. Kwa ufupi nitajitahidi.

Alianza kazi tarehe 1 Julai 1993. Wakati huo maji yalichotwa mtoni na mashuka yalianikwa juu ya ua wa michongoma. Mwaka 2004 wafadhili walituletea mashine ya kufulia. Ilifanya kazi wiki tatu, umeme wetu wa mlimani ukaishinda. Mama Abel aliikausha vizuri, akahifadhi ndani yake mbegu zake za maharage, kwa sababu panya hatoboi chuma. Mkaguzi alipokuja kuuliza kama mashine inatumika, alijibiwa, "Inatumika sana, baba." Akaandika hivyo hivyo.

Ya kufurahisha yameishia hapo. Sasa nieleze utaratibu wetu, maana wageni wa hafla huenda hawaujui. Kituo kinatibu, chakula cha mgonjwa huletwa na ndugu zake. Mchuuzi aliyeshikwa na homa akiwa safarini, au bibi ambaye watoto wake wote wako mbali, hulala na vidonge tumboni, basi. Katika mwaka wake wa kwanza kazini, Mama Abel alikuta shuka lililotafunwa ukingoni, na si kwa meno ya panya. Aliuliza lilitoka kitanda gani. Kesho yake alikuja na bakuli la maharage.

Hajaacha tangu siku hiyo. Kila asubuhi hupika nyumbani kwake, juu ya kituo, kisha huteremka na sufuria kichwani kabla ya kuloweka nguo. Chakula chote kinatoka kwenye nusu ekari ya mteremko. Mwaka 2009 mumewe, Gervas, alianguka kutoka kwenye mfenesi akaumia uti wa mgongo, na mpaka leo hajasimama. Masika ya 2016 yalisomba matuta yote ya maharage. Tulidhani angepumzika. Alishuka bondeni, akapanda magimbi, na wodi ikala magimbi mwaka mzima.

Hakuwahi kumuuliza mtu anasali wapi. Abdulmajid, mfanyabiashara wa mboga wa Mwembesongo, alilala kwetu miezi miwili akiwa amevunjika mguu. Anapenda kusimulia jinsi alivyomwambia, "Mama, mimi Mwislamu," naye akamjibu, "Na njaa yako je, nayo ina dhehebu? Kula, baba, nina nguo za kufua."

Manesi wanapopokezana zamu husema, "Kitanda cha nne, wa Martina," yaani mgonjwa huyo hana ndugu. Kwa miaka mingi niliyasikia maneno hayo na kuyapenda. Leo yananichoma. Tulimgeuza mwanamke mmoja kuwa idara nzima ya kituo, bila bajeti, bila msaidizi, bila siku ya mapumziko.

Siku moja ya sikukuu ya mavuno, alipeleka altareni magimbi manne. Mjumbe mmoja wa kamati, aliyekuwa ameleta gunia, alimtania mbele za watu: "Mama Abel, hayo umeyaokota njiani?" Akajibu kwa adabu, "Nimepitia wodini kwanza, baba. Haya ndiyo yaliyosalia." Watu walicheka. Nilikuwepo, na nilicheka.

Ndiyo maana naandika kwa hasira, na wasomaji wajue hasira hii haimhusu mstaafu. Kila mwaka tunasomewa kanisani habari za mjane aliyetoa vyote alivyokuwa navyo, tukitikisa vichwa kwa furaha. Sijawahi kumsikia hata mmoja wetu akiuliza mjane yule alikula nini jioni. Imani ya Mama Abel ni yake na Mungu wake, wala hajawahi kuilalamikia. Uvivu ni wetu. Kila hoja ya chakula cha wagonjwa ilipoletwa kikaoni, ilifungwa kwa maneno mawili: "Martina yupo."

Mwezi Mei tulikaa kuchagua zawadi ya kumuaga. Mwenyekiti wetu, Bwana Deogratias, alipendekeza sufuria ya lita arobaini, "ili huduma yake isisimame." Tukapiga makofi. Nesi Mwanvita, aliyekuwa anatugawia chai, aliweka birika chini akauliza, "Shikamooni, wazee wangu. Kwa hiyo Mama Abel anastaafu kufua, kupika hastaafu?"



Mwanamke wa miaka sitini, mwenye mgonjwa wake nyumbani, tulitaka kumuaga kwa kumwongezea mzigo, kisha tumshike mkono tupigwe picha. Mimi pia nilikuwa nimepiga makofi, na kwa nguvu.

Sufuria mwenyekiti alikwisha kuinunua kabla ya kikao. Tumeamua ibaki jikoni nyuma ya wodi. Jumuiya zetu sita zitapika kwa zamu, na wajumbe wa kamati wanaanza, kila mmoja na kuni zake. Abdulmajid aliomba zamu ya Ijumaa kabla Mkristo yeyote hajanyosha mkono. Liandikwe hilo pia. Zawadi ya Mama Abel itakuwa godoro jipya la Gervas na vibarua wawili wa kulima shamba lake msimu ujao. Mavuno yaliwe nyumbani kwake.

Mama Abel, asante kwa kila shuka na kila bakuli. Utusamehe kwa kuona sadaka yako na kutoona mgongo wako. Mungu akupe miaka mingi ya kukaa karibu na mumeo bila kutazama saa. Jumanne asubuhi, ukisikia harufu ya maharage yanayoungua huku wodini, tafadhali usishuke. Ni sisi. Tunajifunza.