Mfano wa Parokia: Marehemu Daktari Colombe M'Bagalwa (1984–2024)

Daktari Colombe M'Bagalwa alizaliwa Nyantende tarehe 14 Machi 1984, binti wa pili wa Papa Lucien Bagalwa na Maman Georgette. Wa kwanza ni Martine, anayewasomea maneno haya, na ambaye wazee wamemwomba asiseme mengi.

Shule ya msingi alisoma huko huko Nyantende. Siku moja alishuka kilima akisoma, akajikwaa, akavunjika jino. Alipoinuka, kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa ukurasa wake. Mwaka 2010 alihitimu udaktari hapa Bukavu, kisha akabobea katika tiba ya uzazi.

Akina mama wa mtaa wa Kadutu, aliowazalisha, walimpenda kwa ukali wake. "Maman, tumbo yako ilishapasuliwa mara tatu. Sasa uiache ipumuzike." Waliomsikia wako hai; wengine wamesimama hapa.

Tarehe 7 Julai 2012 alifunga ndoa na Profesa Xavier, mhandisi. Wote wawili walimpenda Mungu, hilo halina ubishi. Walipata watoto watano, wote kwa upasuaji. Kila Sikukuu ya Familia Takatifu kikundi cha wanandoa kiliwasimamisha mbele ya altare: "Muone hawa! Walisoma sana, na hawakatae watoto ya Mungu!" Vigelegele vikajaa kanisa. Nyumbani Colombe alimwambia dada yake, "Yaya, nikiacha kuzaa, watasema masomo iliniondolea imani."

Hata hivyo, alipomzaa Ariane, wa tano, mwaka 2021, aliomba afungwe mirija ya uzazi palepale kwenye meza ya upasuaji. Daktari mwenzake akamuuliza mume. Profesa akajibu, "Mutoe mutoto, mushone. Ya Mungu muiache." Wakashona. Mwenye mwili alikuwa daktari bingwa, ila neno lake halikutosha.

Mimba ya sita tuliambiwa ni baraka. Tarehe 11 Agosti 2024 kovu la zamani lilipasuka. Mtoto Glody aliokolewa; mama yake alivuja damu mpaka akakata roho. Msibani watu wananong'ona kwamba mganga hajigangi. Uongo. Alitaka kujiganga, akakatazwa.

Ameacha wazazi, dada, mume, na watoto sita: Gloire, Hervé, Mireille, Gentil, Ariane na Glody. Gloire ana miaka kumi na moja, na ndiye anayembeba Glody. Kikundi cha wanandoa kimeomba watoto hawa wapangwe mstari mbele ya jeneza, watu waone. Martine amekataa. Watakaa vitini mwao.

Apumzike sasa kwa amani. Alipoomba kupumzika akiwa hai, hatukumruhusu.