Petro Ekaale, Aliyetusimulia Sinema kwa Macho ya Mkewe

Wasifu huu umeandikwa mara mbili. Wa kwanza uliandikwa Ijumaa asubuhi, siku moja baada ya msiba, na ulikuwa wasifu wa mtu tuliyedhani tunamjua. Alasiri ya siku hiyo hiyo mjane wake, Elizabeth, alitamka maneno yaliyotufanya tuuchane. Alisema mumewe alikuwa kipofu. Tangu mwaka wa 1980 Petro Ekaale, mtu aliyetueleza kila Jumapili sinema aliyoiona, kitabu alichokisoma na bao lililofungwa, hakuwa ameona hata uso wa mtu. Mdogo wa marehemu, Emuron, ndiye aliyeanza kusema, na aliyoyasema hayana budi kutajwa, kwa maana mji mzima umeyasikia: kwamba Elizabeth amemuua ndugu yake kwa kunyamaza, kwamba jina lake lisiandikwe katika karatasi hii, na kwamba baada ya mazishi aondoke katika ile nyumba ya Kambi ya Juu na kuwaacha watoto. Kwa sababu hiyo maisha ya marehemu yanasomwa hapa jinsi yalivyokuwa, na habari ya macho haikuachwa nje.

Petro Ekaale Lokwawi alizaliwa mwaka wa 1938 karibu na Kalemngorok, Turkana. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Lokwawi na Akiru. Mwaka wa 1946 baba yake alipata kazi ya kuchunga ng'ombe wa karantini hapa Isiolo, na familia ikahamia huku, sehemu ya njia kwa miguu na sehemu kwa lori. Emuron alizaliwa hapa miaka miwili baadaye. Petro alibatizwa siku ya Pasaka, mwaka wa 1950.

Alisoma katika shule ya misheni kuanzia 1949 hadi 1955, alipoacha masomo kwa kufiwa na baba. Huko ndiko alikopata ugonjwa wa kupenda vitabu. Mwalimu alimwazima kitabu chake cha kwanza cha hadithi, naye Ekaale akakirudisha baada ya siku mbili akiwa amekasirika, akauliza anwani ya mwandishi. Mwalimu akashangaa: "Ya nini?" Ekaale akajibu: "Nimwandikie. Ameua mtu asiyefaa kufa, na yule mjinga amembakisha." Tangu wakati huo hadi mwisho wake hakuwahi kumaliza kitabu bila kugombana na aliyekiandika.

Baada ya kazi ndogondogo za ufagizi na upishi, mwaka wa 1966 aliajiriwa kuwa mkalimani katika gari la sinema lililozunguka wilaya hii. Alijua Kiturkana cha nyumbani, Kiborana cha jirani, Kisomali cha sokoni, Kiswahili cha kila mtu na Kiingereza cha vitabu. Merti, Biliqo, Kinna, kote huko watu waliketi mchangani mbele ya shuka jeupe, na Ekaale akasimama kando na kipaza sauti akiwasemea wapanda farasi wenye bastola, wapenzi waliokosana na madaktari wa mifugo. Mtu wa sinema akisema neno moja, Ekaale alisema manne, na mara nyingi manne yake yalikuwa matamu zaidi. Mwaka wa 1975 aliacha kusafiri, akawa mkalimani wa uwanja wa sinema uliofunguliwa na mfanyabiashara mmoja nyuma ya maduka ya ngozi hapa mjini. Kazi hiyo aliifanya hadi wiki aliyofariki.

Wageni waliofika kutoka mbali watahitaji kuelezwa utaratibu wa sinema zetu. Tangu siku za lile gari, wazee wa mji walikubaliana kwamba wanaume wakae mbele ya shuka na wanawake wakae nyuma yake, ili watu wasichunguliane. Wakristo nao walifuata. Shuka ni jepesi, picha hupenya, na wa nyuma huona kila kitu, ila kimegeuka: mkono wa kulia huwa wa kushoto, na maandishi huanzia kulia. Batula, muuza maziwa, alikuwa akisema wanawake ndio wanaoona sawasawa, kwani hata madrasa walifundishwa kusoma kutoka kulia.

Hapo ndipo Ekaale alipopata mke. Mwaka wa 1969, baada ya sinema ya wezi wa benki, msichana mmoja alimfuata akamwambia amewadanganya watu, maana mwizi mkuu alikuwa mashoto na yeye hakulitaja jambo hilo. Ekaale akasema alikuwa wa kulia. "Kaka, mimi nina macho," msichana akasema. "Njoo huku nyuma uone mwenyewe." Wiki iliyofuata, sinema hiyo ilipoonyeshwa tena, alikwenda. Wanawake wakapiga mayowe, viatu vikarushwa, na Jumapili Ekaale akaitwa mbele ya wazee wa kanisa aeleze alikuwa akitafuta nini. Akajibu kwamba alikuwa akitafuta ukweli, na kwamba ukweli unaitwa Elizabeth. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1969, na Mungu akawabariki kwa watoto watatu.

Nyumba yao haikuwa na vitu vingi, lakini ilikuwa na watu wengi. Kila Jumapili baada ya ibada, baraza yao ilijaa Waturkana, Waborana, Wameru wa sokoni na madereva. Ekaale hakumwuliza mtu habari yake. Alimwuliza: "Wiki hii umefurahia nini?" Hata uwe umefika kutoka Khartoum au Kisangani na vumbi la njia tatu shingoni, hukupewa chai mpaka utaje kitabu, sinema, mchezo au wimbo, na useme kwa nini. Ukisema tu "ilikuwa nzuri," alikuzomea. "Hata uji ni mzuri! Ilikuuma wapi?" Yeye mwenyewe alisema sinema nzuri ni ile ambayo ukitoka unatembea kama yule mtu. Kuhusu muziki, alipenda santuri za rumba za Zaire, lakini aliinua sindano kila mwimbaji alipoanza kutaja majina ya matajiri. Kitabu alichokifurahia mwisho kilikuwa cha mpelelezi mmoja mnene wa pwani, na malalamiko yake yalikuwa kwamba mpelelezi huyo halali hata siku moja na bado ana akili. Mpira wa redio aliupenda kuliko mpira wa uwanjani. Alisema mtangazaji hawezi kukupa bao bila kwanza kukupa hofu.

Macho yalianza kumsumbua mwaka wa 1977. Aliona duara za rangi kuzunguka taa, kisha pembe za vitu zikaanza kupotea. Daktari aliyemwona alimwambia ni presha ya macho na kwamba kilichokwenda hakitarudi. Kufikia katikati ya 1980 kila kitu kilikuwa kimekwenda. Elizabeth alitaka kuwaambia ndugu. Haya ndiyo aliyojibiwa, kama alivyotusimulia mwenyewe: "Ukiwaambia, watanihurumia. Na mtu anayehurumiwa haulizwi sinema ilikuwaje."

Tulimwuliza iliwezekanaje, naye akatueleza bila kulia, kama mtu anayeeleza namna ya kupika. Mwaka huo Ekaale alitangaza desturi mpya: sinema mpya ikifika, siku ya kwanza itaonyeshwa bila mkalimani, na siku ya pili ndipo atakapofasiri. Mwenye uwanja alifurahi sana, kwa sababu watu walikuja mara mbili. Maneno ya sinema Ekaale aliyasikia mwenyewe. Picha alizisikia kesho yake kutoka kwa mkewe, aliyekuwa ameketi nyuma ya shuka, wakichambua maharagwe pamoja: sasa anafungua mlango, sasa ameona barua, sasa analia lakini hataki aonekane. Vitabu alisomewa mlango ukiwa umefungwa. Elizabeth aliishia darasa la tatu, na alisoma polepole kwa kidole. Ekaale alimwambia kwamba hajawahi kusoma vizuri namna hiyo, kwa maana zamani alikuwa akimeza tu. Njiani Elizabeth alitembea nyuma yake na kikapu, akikohoa mara moja kwa shimo na mara mbili kwa mtu wa kusalimiwa. Sisi tulisema ana kifua kibovu.

Kulikuwa na dalili, nasi tulizicheka. Mwaka jana ilipoonyeshwa picha ya fainali moja ya kombe, Ekaale alisimulia kwa furaha krosi iliyotoka kushoto. Mzee Kanchoro, muuza mbuzi, akaruka kutoka kitini.

"Kushoto gani, Ekaale? Ile mpira ilitoka kulia! Mimi nilikuwa hapo mbele kabisa."

"Mzee, wewe ulikuwa unatafuna miraa."

"Miraa iko mdomo, si macho!"

"Basi uliza mke yako."

Kanchoro alikwenda nyumbani akamwuliza mkewe. Mkewe akasema krosi ilitoka kushoto, na wawili hao hawakusemeshana siku nzima. Tulidhani Ekaale anafanya mchezo wake wa kawaida. Ijumaa, Elizabeth alisema kwamba alikuwa amemkumbusha ageuze pande, maana anajua wanaume wameona vingine. Ekaale alikataa. Alisema: "Hapana. Siku hizi mimi naangalia kutoka upande wako."

Na huyo Kanchoro alicheza naye ule mchezo wa mashimo na mawe kila Jumatatu kwa miaka yote hiyo. Alimlaumu kwa jambo moja tu: "Unapapasa hii mawe kama mbuzi ya kununua. Cheza, bwana!" Ekaale alipapasa, akacheza, akashinda.

Alhamisi, tarehe 15 Machi 1984, binti yao Maria alikuwa na homa, na Elizabeth akabaki naye nyumbani. Basi lilikuwa linaleta mkebe wa sinema mpya, naye alitaka kwenda kuupokea. Elizabeth alimwomba asubiri. Ekaale alisema njia hiyo anaijua kuliko kitanda chake, akavaa kofia, akatoka. Mahali pa malori, Hashi, dereva anayebeba mbuzi kutoka Merti na mgeni wa baraza yake kwa miaka mingi, alikuwa akirudisha lori nyuma. Alimwona Ekaale kando, akatoa mkono dirishani kumwashiria asimame. Ekaale alikuwa amegeuza uso kwake kabisa. Aliendelea kutembea. Alifariki akiwa njiani kupelekwa hospitali, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Hashi alifika msibani Ijumaa akaketi chini, vumbini, akakataa kiti. Alirudia neno moja: "Aliniangalia usoni. Wallahi, aliniangalia usoni, na akaja. Nimemkosea nini Ekaale, mpaka aje?" Wengine walianza kunong'ona kwamba labda marehemu alijitakia kifo. Hapo ndipo Elizabeth aliposimama mbele ya wote. "Hashi, hakukuona. Tangu themanini hajaona mtu." Alijua kitakachomfuata akisema hivyo. Angenyamaza, lawama ingebaki kwa dereva, au kwa marehemu mwenyewe, na yeye angekaa nyumbani kwake kwa heshima. Alisema.

Jumapili ukoo ulikutana kwenye baraza ile ile. Emuron alirudia madai yake. Mzee Kanchoro, ambaye si wa ukoo wala wa kanisa, aliomba nafasi. "Salaam aleikum. Mimi nilikaa na huyu mtu goti kwa goti. Macho yangu ni mazima, mimi nachagua mbuzi nayo. Na sikujua. Leo mnataka kuuliza huyu mama peke yake?" Emuron akamgeukia shemeji yake.

"Kila Krismasi alinisifia shati langu," alisema. "Kila Krismasi. Hata ya juzi."

"Nilimwambia umevaa la kijani," Elizabeth akajibu.

"Ni wewe?"

"Aliniuliza, kijani cha namna gani? Nikasema, kama majani ya mashamba ya Rapsu mvua ikinyesha. Akasema, hiyo imemfaa, ndugu yangu ni mweusi mzuri. Ndipo akakuita."

Emuron alifunika uso kwa mikono yake miwili, na baraza nzima ikamsikia akilia. Jana Jumatatu asubuhi alikuja mwenyewe mahali karatasi hii ilipokuwa ikipigwa chapa, akasimama mlangoni. Akaulizwa majina ya waliofiwa yaandikwe vipi. Alisema: "Andika yeye wa kwanza. Na uandike ni mke. Usiandike eti aliishi naye." Akaulizwa, na habari ya macho? Akasema: "Andika yote. Watu waulize."

Marehemu Petro Ekaale Lokwawi ameacha mke, Elizabeth, aliyekuwa mama wa nyumba yao ya Kambi ya Juu kwa miaka kumi na minne na ambaye anaendelea kuishi humo. Watoto Akaale, Lokwawi na Maria, wanaobaki na mama yao. Mama yake mzazi, Akiru. Ndugu yake Emuron. Pamoja na binamu, mashemeji na jamaa walioko Turkana, Merti na safarini. Udongo wa kwanza utatiwa na Elizabeth, na Emuron atasimama karibu naye. Hashi ameombwa na familia awe miongoni mwa wabebaji wa jeneza, naye amekubali.

Apumzike Ekaale kwa amani, na Elizabeth arudi nyumbani kwake kwa amani hiyo hiyo.