Muhuri wa Ishirini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mzee kama mimi, niliyestahili kukaa kimya. Nimesimama kuwaambia jinsi nilivyokataa kutoka kwenye foleni ya duka wakati mwanangu alipokuwa mahututi. Hakuna aliyenilazimisha. Niliambiwa niondoke, nikaambiwa tena, nikabaki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa mtaa wa Nyalenda, mimi, mke wangu na binti yetu Atieno wa miaka mitatu. Nilikuwa karani katika ghala la pamba. Duka moja kubwa mjini lilikuwa limeanza kuwapa wateja kadi. Ukinunua vitu vya shilingi kumi kwa mara moja, unapigiwa muhuri. Mihuri ikifika ishirini, unapewa bure mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia na mfuko wa sukari.

Kadi yenyewe haikuwa na kosa, ndugu zangu! Ilitupunguzia gharama kweli, na ile ya kwanza kujaa ilitupa sukari ya mwezi mzima. Kosa lilikuwa langu, maana nilianza kuitumikia kama bwana wangu. Nilimkataza mke wangu kununua hata chumvi kwa jirani. Noti ya shilingi kumi isivunjwe mpaka ifike dukani! Siku moja aliivunja akanunua omena, dagaa wa ziwani, nami sikusema naye siku mbili.

Kisha duka likatangaza kwamba kadi za zamani zingekoma Jumamosi, saa saba mchana. Ambaye hajajaza yake angeanza upya. Mimi nilikuwa na mihuri kumi na tisa.

Jumamosi hiyo Atieno aliamka na homa iliyomshika tangu Alhamisi. Mke wangu alimwinua, akaniangalia.

"Baba Atieno, mtoto hawezi kukunja shingo. Hii si homa ya kawaida. Tuchukue teksi twende hospitali."

"Kwa pesa gani?"

"Hiyo noti iko mfukoni mwako."

Ndiyo ilikuwa pesa pekee nyumbani. Nikamwambia, "Ningoje. Naenda dukani narudi, halafu tutampeleka pamoja." Nikatoka na noti, nikamwachia mtoto.

Nilikuta foleni imefika hadi barazani. Wote walikuwa na kadi mkononi, wote wakiangalia saa ya ukutani. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Nilikuwa nimefika mlangoni nilipomwona Okech, jirani yetu fundi wa baiskeli, akija mbio juu ya baiskeli yake, shati limelowa jasho.

"Baba Atieno! Mtoto anakakamaa! Panda nyuma nikubebe!"

Niliangalia mbele. Walibaki watu watatu.

"Okech, mwambie mama yake nakuja. Watu watatu tu."

"Watatu? Bwana, nimekwambia mtoto anakakamaa!"

Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akageuka. "Baba, enda. Niachie kadi na hiyo noti, nitakununulia. Mimi ni mtu wa Sondu, mnakosema kuna wezi, lakini si mwizi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikaza mkono juu ya mfuko wangu.

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mwacheni huyu. Huyu ameoa kadi."

Okech aliniangalia, ndugu zangu, kama mtu anayeangalia kitu asichokijua. Akageuza baiskeli, akaenda. Na wa kwanza kati ya wale watatu alikuwa na orodha ndefu. Nilisimama pale karibu saa nzima. Miguu ilitaka kwenda, lakini sikutoka. Mwisho karani wa duka akapiga muhuri wa ishirini. Akanipa mafuta na sukari, akaniwekea na kadi mpya mfukoni, akanipongeza.

Nilipofika nyumbani nikakuta mlango wazi na nyumba tupu. Mke wangu alikuwa amembeba Atieno mgongoni kwa miguu, jua kali, na Okech alimkuta njiani akawasukuma kwa baiskeli mpaka hospitali. Nikawafuata mbio, mkebe begani. Niliingia wodini nao! Mke wangu aliuangalia ule mkebe, kisha akaona kadi mpya ikichungulia mfukoni.

"Na hii nyingine ni ya nini?" aliuliza polepole.

Niliifunika kwa kiganja. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba ugonjwa huu haumpi mtu nafasi ya kuchelewa. Nilitoka nje nikapiga magoti kwenye nyasi, mbele ya watu. Nikalia, "Nyasaye wangu, Mungu wangu, nimeuza mtoto kwa sukari! Nirudishie, nami sitaitumikia pesa tena!" Nikaichana ile kadi. Mkebe niliwaachia wapishi wa hospitali.

Siku tatu Atieno alilala bila kumtambua mtu. Siku ya nne akafungua macho, akanyoosha mkono kwa mama yake. Mungu alimrudisha! Na mimi pia alinirudisha, maana tangu siku ile mkono wangu ulifunguka. Namshukuru Mungu. Nawashukuru mke wangu, aliyenisamehe baada ya muda mrefu, na Okech, ambaye hakuningoja.

Ndugu zangu, wekeni akiba, ni vyema. Lakini mtumainini Mungu kuliko akiba yenu, na mkiitwa, tokeni kwenye foleni. Tokeni!

Tuliporudi nyumbani kutoka hospitali, mama yake Atieno ndiye aliyegundua. Alimwita kwa nyuma, akamwita tena, na mtoto hakugeuka. Leo Atieno ameketi hapo mbele, mama wa watoto wanne, anaangalia midomo yangu. Saa ile moja iligharimu masikio yake. Nimemwomba msamaha mara nyingi, na hajawahi kuusikia.