Historia ya Dereva Timazi, Aliyevuka Vilima Peke Yake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Timazi, na wengine hamkumjua ila mmekuja kwa heshima ya ujirani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watatu, nyuma ya dada yake anayewasomea haya na mbele ya kitindamimba wetu. Alianza darasa la kwanza Januari 1959, akamaliza la saba Novemba 1965, hesabu alizijua, mwandiko wake ulikuwa kama kuku amepita kwenye tope, akaingia gereji kuosha vipuri, na tarehe 2 Juni 1974 akapata leseni ya magari makubwa.

Kazi yake ilikuwa kutoa marobota ya pamba mashambani kusiko na barabara, akikata ubavuni mwa vilima, na kwa kuwa lori likiinama sana upande halina adabu, hulala, alining'iniza nati kwa uzi ndani ya kabini, nyuma yake akachora mstari mwekundu, nati ikikaribia mstari anarudi kinyumenyume kutafuta njia nyingine, wenzake wakamuuliza kama anaendesha gari au anajenga nyumba, jina la Timazi, ule uzi wa mwashi wenye kizito, likaanzia hapo.

Tarehe 20 Desemba 1979 alifunga ndoa na mshonaji, na tarehe 5 Mei 1982 wakajaliwa binti, huyo aliyekaa mbele, ambaye tangu jana anasema amekuja kuzika jina tu, kwani baba yake alikuwa akiwashusha njiani yeye na mama yake kama mizigo.

Ni kweli, aliwashusha. Kila ubavu wa kilima, jua au mvua, alisimamisha lori akasema, "Shukeni, piteni upande wa juu, tukutane kule," akavuka peke yake, na mkewe, mtoto mgongoni, viatu mkononi, alimuuliza, "Mimi mke wako au gunia?" naye akatia gia, mpaka tarehe 17 Februari 1990 mama wa watu akachoka, akachukua cherehani na mtoto, akaondoka.

Sababu hakuisema, na dada yake aliyeijua alifunga mdomo, kwa hasira, si kwa hekima. Tarehe 9 Agosti 1983, asubuhi, marehemu alivuka ubavu mmoja lori likiwa tupu, nati ikabaki mbali na mstari, alasiri akarudi palepale na marobota yaliyopangwa kupita urefu wa kabini, kitindamimba wetu, aliyeomba lifti, amelala juu yake, nati ikasimama palepale iliposimama asubuhi, akaiamini, kumbe mstari ule aliupimia lori tupu, na mzigo mrefu huangusha gari mapema, lori likalala, mdogo wetu akafia chini ya marobota. Mkewe aliambiwa shemeji yake aliteleza tu. Dada yake alimwambia marehemu, "Usinikanyagie mlango," akamnunia miaka kumi na mmoja. Marehemu alichora mstari wa pili, wa lori lenye mzigo, lakini hakuiamini tena hesabu yake akiwa na roho ya mtu mwingine garini.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, akaishi chumba kimoja nyuma ya gereji, kitanda, redio na kikombe kimoja, ukienda kumtembelea unasubiri amalize kunywa ndipo unywe wewe. Maradhi ya figo yalimwanza Aprili 2017, akafariki tarehe 11 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, kitanda namba sita, dada yake akiwa amekwenda dirishani kuchukua dawa. Wiki moja kabla alisema, "Dada, mwambie mtoto, nikiwa navuka nilikuwa namtazama kwenye kioo mpaka mwisho," dada akamjibu, "Una mdomo, kamwambie mwenyewe," hakuwahi, basi binti, umeambiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliogonga ukuta kila asubuhi wasikie kama atajibu, na madereva wenzake waliotoa lori la kumbeba. Njia ya makaburini ni tambarare, kiti cha mbele ni cha binti yake akikitaka, na hakuna atakayemwambia ashuke.

Pumzika sasa, mdogo wangu, kwa amani.